Kabla Hujamnunua Soundwave

Kabla ya kuuliza bei, bonyeza kitufe cha begani mwa mdoli. Mlango wa kifuani ukifunguka wenyewe mara moja, basi kiungo muhimu kuliko vyote kiko hai, na hayo mengine yanazungumzika. Usipofunguka, au ukahitaji kuchokonolewa kwa ukucha, mwambie muuzaji mnaanza mazungumzo upya. Na kama unanunua mtandaoni, dai video ya sekunde tano inayoonyesha kitufe kikibonyezwa. Muuzaji anayeweza kupiga picha kumi za boksi hashindwi kurekodi hilo.

Nasema hivi kwa sababu Soundwave ni kifua. Roboti wengine wa Transformers wanasifiwa kwa magari au ndege wanazogeuka. Huyu anasifiwa kwa kile kinachokaa ndani yake: kaseti zinazogeuka wasaidizi wadogo anaowatuma. Kadiri miaka inavyokwenda na watengenezaji wanavyombuni upya, kuna matoleo yaliyokumbuka jambo hilo na kuna yaliyolisahau, na ndiyo tofauti utakayoilipia.

Kwa anayekutana naye leo: Transformers ina kambi mbili za roboti waliotoka sayari ya Cybertron. Autobots ndio masteringi. Decepticons, wakiongozwa na Megatron, ndio maadui. Katuni ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1984, mwaka uleule kampuni ya Hasbro ilipoingiza midoli yake madukani. Katika genge la Megatron, mwenye kelele ni Starscream, ambaye kutwa anapanga kumpindua bosi wake na kutwa anaumbuka. Soundwave hapindui mtu. Anasikiliza, anarekodi, anaripoti. Sauti yake aliitoa Frank Welker, huyohuyo aliyemsemea Megatron, ikapitishwa kwenye mtambo wa kuigeuza mpaka ikawa bapa kabisa, haina hasira wala furaha.

Wasifu wa wengi wa roboti hawa uliandikwa na Bob Budiansky wa Marvel Comics, na ulichapishwa nyuma ya maboksi. Soundwave wa kwenye boksi ananasa hata mawimbi ya redio yaliyo hafifu, anasoma fikra za watu, na siri anazozipata anazitumia kuwabana hata wenzake kambini ili ajinufaishe. Katuni ilimfanya mpole kidogo kwa bosi, akabaki mtumishi mwaminifu asiyeuliza swali. Mimi nampendelea yule wa kwenye boksi. Adui mwenye bunduki unaweza kumkimbia. Anayejua ulichonong'ona jana usiku utamkimbilia wapi?

Hakuzaliwa adui, lakini. Kampuni ya Takara ya Tokyo ilimuuza Japani mwaka 1983 kwa jina la Cassette Man, katika mfululizo ulioitwa Micro Change. Wazo la mfululizo ule lilikuwa kwamba vitu vya kawaida vya nyumbani, kwa ukubwa wao halisi, vinaficha roboti wadogo: hadubini, kamera, bastola, redio. Hasbro ilipochukua leseni ndipo Cassette Man alipobandikwa nembo ya zambarau ya Decepticons na kupewa tabia ya kijasusi. Kwa hiyo ukimgeuza yule wa 1984 unapata kitu kinachofanana kabisa na kinasa sauti cha kaseti ndogo, saizi ya kushika kiganjani, chenye vitufe na dirisha. Katuni iliamua kwamba jitu lenye urefu wa nyumba linaweza kunywea mpaka likatosha mfukoni, na haikujisumbua kueleza. Nawe usijisumbue. Kwa aliyewahi kurudisha utepe kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri za redio kaseti, mbinu yenyewe inaeleweka bila maelezo: mwaka 1984 kifaa kama hicho kikiachwa mezani hakuna ambaye angekitilia shaka.

Sasa, yupi? Jina la Soundwave limeandikwa kwenye midoli mingi mno, na wauzaji hawajali kutofautisha. Anza kwa kujiuliza unamtaka wa kuwekwa kabatini, wa kuchezewa, au wa kumrudisha mtu utotoni.

Wa kumrudisha mtu utotoni ni huyo wa 1984, au matoleo yake ya marudio. Aliuzwa pamoja na kaseti moja inayogeuka ndege, Buzzsaw. Kaseti nyingine ziliuzwa mbilimbili: Ravage, ambaye ni mnyama wa jamii ya chui, alikuja na Rumble, Laserbeak, ndege mwingine, alikuja na Frenzy. Popo Ratbat alifuata mwaka 1986. Mwaka 1987 Japani ilimuua Soundwave kwenye katuni yake ya The Headmasters na kumfufua akiwa mweusi, kwa jina la Soundblaster, na mdoli wake ukaongezwa kina kifuani ili uchukue kaseti mbili kwa pamoja. Kama umeona picha ya Soundwave mweusi ukadhani amepakwa rangi na fundi wa mtaani, huenda ni huyo.

Kuna mwaka mmoja ambao watengenezaji walimalizia utani wao wenyewe. Mwaka 2007 Takara Tomy ilitoa Soundwave anayepiga muziki kweli, akiwa na kicheza muziki cha MP3 tumboni. Ni kitu cha kuchekesha na cha kuonea fahari, ila kumbuka unanunua kifaa cha umeme chenye umri mkubwa. Mdoli wa plastiki huzeeka taratibu. Saketi hufa siku moja bila taarifa. Usilipe bei ya kinachopiga muziki kabla hujakisikia kikipiga.

Filamu zilimtendea vibaya, kwa maoni yangu. Katika ile ya 2009 alikuwa setilaiti angani, na katika ile ya 2011 akawa gari la Mercedes-Benz. Setilaiti angalau ina mantiki ya ujasusi. Gari halina, na midoli iliyotokana na filamu hizo ni ya mtu anayezipenda filamu zenyewe. Katuni ya Transformers: Prime, iliyoanza mwishoni mwa 2010, ilimpa uso ambao ni kioo kitupu na kumnyima maneno karibu yote, anageuka ndege isiyo na rubani, na Laserbeak anabandikwa kifuani. Huyo ananitisha kweli, na ndiye mbadala pekee wa kaseti ninayemkubali, maana kifua bado kina kitu cha kutuma.

Kwa wa kabatini, jina la kutafuta ni MP-13, wa mfululizo wa Masterpiece, aliyetoka Japani mwishoni mwa 2012. Huyu ana umbo la kwenye katuni, viungo vinavyokunjika vizuri, na bado anageuka kinasa sauti cha kaseti chenye mlango unaofunguka. Anakuja na Laserbeak, na pia na bastola ndogo ambayo ni Megatron mwenyewe aliyejigeuza, ili Soundwave amshike mkononi kama kwenye katuni. Bastola hiyo ni ya kwanza kupotea. Ukinunua MP-13 aliyetumika, iulizie kwa jina.

Wa kuchezewa ni yule wa 2019 wa mfululizo wa Siege, saizi inayoitwa Voyager, yaani sentimita 18 hivi. Hageuki kinasa sauti. Anageuka chombo cha anga za juu, na mashabiki waligundua kuwa anaweza pia kukunjwa akafanana na nguzo ya taa ya barabarani, jambo ambalo kwa jasusi naliona ni bora kuliko chombo chenyewe. Kifua kinafunguka na kupokea roboti wadogo bapa wanaouzwa kando. Ni imara, bei yake ni ya kawaida, na akianguka sakafuni hakuna atakayezimia. Boksi linaandika miaka minane na kuendelea; lizingatie, kwa sababu hao roboti wadogo na vipande vya silaha ni saizi ileile ambayo mtoto wa miaka miwili huipeleka mdomoni.

Turudi kwa mzee wa 1984, maana ndiye anayewalia watu pesa zaidi. Mshike karibu na taa. Mlango wa kifuani tumeshaujaribu. Sasa utazame pembeni, pale unapoungana na mwili, ukitafuta weupe kwenye plastiki. Weupe huo ni alama ya plastiki iliyokunjwa kupita kiasi, na safari ijayo itakatika. Weka kaseti ndani, funga, fungua tena. Mlango unaofunguka ukiwa mtupu lakini ukagoma ukiwa na kaseti unakuambia kwamba kaseti si ya kwake, au haikukunjwa vizuri.

Geuza mgongo. Kuna sehemu ya betri yenye kifuniko, na hapa ndipo pana ubunifu ninaoupenda kuliko wote: silaha zake mbili, bunduki ya mkononi na mtambo wa makombora wa begani, zimetengenezwa kwa umbo la betri za AA, na akiwa kinasa sauti zinalala humo mgongoni kana kwamba ndizo zinazompa nguvu. Fungua uone kama zote mbili zipo. Angalia pia kama kuna ukungu mweupe au kutu. Huenda mtoto wa miaka ile alisukumia betri za kweli akazisahau. Makombora madogo ya ule mtambo wa begani ni vitu vya kupotelea chini ya kochi, na mengi unayoyaona yakiuzwa leo yamefyatuliwa viwandani majuzi. Hilo si dhambi, mradi muuzaji aseme.

Stika zina lugha yake. Zikiwa zimefifia sawasawa, mdoli umekaa mahali penye mwanga kwa miaka, na hiyo ni kawaida. Stika inayong'aa mno juu ya plastiki iliyochujuka ni mpya. Kuna wanaotengeneza stika za kubandika upya nzuri kuliko hata zile za kiwandani, na kwa wa kuchezewa ninazipendekeza. Kwa anayenunua ili aje auze, stika mpya hushusha thamani, tena kwa kiasi kinachouma.

Kisha boksi, kama lipo. Nyuma yake palikuwa na kadi ya maelezo ya kukata, pamoja na pointi za kukusanya ili kuagiza midoli mingine kwa posta. Watoto walikata, ndiyo kazi yake. Boksi lenye matundu mawili ya mkasi ni boksi la kweli lililotumika vizuri, lakini bei yake si ya boksi zima. Kile kipande chekundu cha plastiki laini, cha kusomea alama za nguvu zilizofichwa kwenye mchoro wa kadi, nacho huwa hakipo. Kikiwepo, muuzaji atakuwa ameshakutajia mara tatu.

Namna rahisi ya kutambua tarehe: Takara na Tomy ziliungana mwaka 2006. Boksi lolote lililoandikwa TAKARA TOMY haliwezi kuwa la miaka ya themanini, hata muuzaji aape. Soundwave ametolewa upya mara kadhaa, Japani na Marekani, na matoleo hayo ni halali kabisa, mara nyingi ndiyo ya busara kununua. Kosa ni kulipia marudio kwa bei ya mzee mwenyewe. Kama ana alama ya mraba inayobadilika ukiipasha joto kwa kidole na kuonyesha nembo ya kambi, jua hizo zilianza 1985. Wa mwaka wa kwanza kabisa hakuwa nayo.

Kuhusu feki sitasema mengi, kwani anayeuza mitumba Gikomba au vifaa Kariakoo anajua kunusa feki kuliko mimi. MP-13 amenakiliwa sana. Herufi za boksi zikiwa na ukungu, viungo vikicheza, mhuri wa kampuni uliochapwa kwenye plastiki ukiwa haupo, na bei ikiwa robo ya bei ya kila mtu mwingine, umeshapata jibu. Kuna watu wenye heshima zao wanaonunua kopi wakijua ni kopi, kwa ajili ya kuchezea tu. Sina ugomvi nao wakiwa watu wazima. Kumpa mtoto ni jambo jingine, kwa kuwa rangi na plastiki hiyo hakuna aliyeipima.

Ukiagiza kutoka Japani au Marekani, piga hesabu yote kabla ya kubonyeza. Juu ya bei na nauli kuna ushuru wa forodha, kisha VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara na Uganda, na inakokotolewa juu ya jumla ya thamani, nauli na ushuru, wala si juu ya bei ya dukani peke yake. Wengi hupata ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muscat wakamtuma. Ni njia nzuri, ila muulize kwanza kama ana nafasi ya boksi au ya mdoli tu, maana boksi la MP-13 si dogo. Na tafadhali, ukivutiwa na Megatron wa zamani ukataka aje kwenye begi lilelile, fikiria tena. Yule wa 1984 anageuka bastola ya Walther P38, na kitu kinachofanana na bastola hakiingii kwenye begi la mkononi la abiria, kiwe cha plastiki au la. Soundwave hana shida hiyo. Afisa atamwona kwenye mashine ya kukagulia, atamwona ni redio mbovu, atampisha.

Akishafika nyumbani, mgeuze polepole mara ya kwanza, na usimgeuze akiwa ametoka kwenye baridi la ndege. Acha plastiki ipate joto la chumba. Sogeza kiungo kimoja, tazama, kisha kingine. Kichwa hutoka juu, mikono hutoka ubavuni, miguu hushuka. Kiungo kikigoma, kuna kingine ulichokiruka. Nguvu haijawahi kumgeuza Soundwave, imewahi kumvunja tu. Viungo vikiwa vimelegea, vifungue kwa bisibisi ndogo, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwa utandu mwembamba kwenye kiungo cha duara, acha ikauke kabisa, rudisha. Lakini kile cha kufutia rangi ya kucha kisimkaribie: kina asetoni, na asetoni huyeyusha plastiki ya aina hii.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwenye pamba ya masikio, ukizunguka stika bila kuzigusa. Kamwe usimtumbukize kwenye beseni. Ndani kuna springi na skrubu. Wa Mombasa, Tanga na Unguja mna kazi ya ziada, kwani hewa ya chumvi hula skrubu na unyevu hubandua stika kuanzia pembeni. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Weka viwili nyuma yake kabatini, na kabati lenyewe lisitazamane na dirisha. Jua linalopita kwenye kioo huchuja buluu ile mpaka ikawa kijivu.

Mwisho ni hesabu ya kaseti, ambako watu wazima hukosana. Rumble na Frenzy ni mdoli mmoja wenye rangi mbili. Madukani, Rumble alikuwa mwekundu na mweusi, Frenzy akawa wa buluu. Katuni ikawabadilisha: Rumble wa buluu, Frenzy mwekundu. Mashabiki wamebishana tangu miaka ya themanini na kila upande una ushahidi wake, na wauzaji wanaandika jina kwa kufuata upande waliolelewa nao. Kwa hiyo ukiagiza, usiandike jina. Andika rangi, omba picha ya mbele na ya nyuma ikiwa imekunjwa, na uhakikishe silaha zake mbili za rangi ya metali zimo kwenye picha hiyohiyo, hazijaahidiwa kufuata baadaye.